Mwenye Kioo na Mwenye Picha: Hakimiliki katika Nakala za Picha za Kale za Bukumbi, Misungwi

Misheni ya Bukumbi, ambayo leo imo wilayani Misungwi, ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1883, baada ya Livinhac na wenzake kuondoka Buganda mwezi Novemba 1882. Mtafiti anayetafuta sura ya ukanda huu wa Ziwa enzi za ukoloni hulazimika kugeukia hifadhi za Ulaya, na nakala ya kidijiti anayopewa huweza kuwa na alama ya hakimiliki ya juzi tu. Alama hiyo imesimama juu ya nini?

Sheria ya Ujerumani ya 1876 iliipa picha ulinzi wa miaka 5. Ile ya 1907 ikaufanya kuwa 10 tangu kuchapishwa. Sheria ya Uingereza ya 1911, ambayo baadaye ilitumika Tanganyika, iliweka miaka 50 tangu negativu kutengenezwa, tena ikamhesabu aliyeimiliki negativu wakati huo kuwa ndiye mtunzi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye chimbuko la mkanganyiko wa sasa: kumiliki kioo kulifanywa kuwa sawa na kutunga. (Aliyesimama mbele ya kamera hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo.)

Kwa vipimo vyote hivyo, picha za miaka ya 1880 na 1890 zimekwisha kuwa huru. Je, kuziskani huzifufulia hakimiliki? Sheria ya Tanzania ya 1999 hulinda kazi asilia ya mtunzi, na nakala sahihi ya bamba bapa, hata iwe ya ustadi na gharama kiasi gani, haina utunzi mpya. Mahakama ya New York ilifikia msimamo wa namna hiyo mwaka 1999 katika shauri la Bridgeman dhidi ya Corel, na Umoja wa Ulaya ukauweka katika kifungu cha 14 cha agizo lake la 2019 kuhusu sanaa za kuonwa.

Kinachobaki kwa mwenye kioo ni ufunguo wa kabati na fomu ya masharti. Fomu humfunga aliyeitia saini. Haimfungi mwalimu wa Bukumbi atakayenakili picha kutoka katika tasnifu iliyo wazi kwa wote. Kwa sababu hiyo, picha nilizozipata kwa fomu ya namna hiyo zimeelezwa humu kwa maneno tu, na zile zilizochapishwa kabla ya 1900 zimewekwa nzima, pamoja na jina la chanzo chake.