Kanuni ya ulinganifu (saikolojia)

Kanuni ya ulinganifu ni kanuni ya saikolojia inayoeleza kwa hesabu jinsi tuzo inavyoimarisha tabia. Kulingana nayo, nguvu ya tuzo haitokani na ukubwa wake peke yake, bali hutegemea pia tuzo nyingine ambazo mhusika anaweza kuzipata wakati huohuo. Husaidia kupanga miradi ya kubadili tabia.

Historia

Kanuni hiyo ilitolewa mwaka 1961 na Richard Herrnstein wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kutokana na majaribio ya njiwa waliodonoa vitufe viwili ili wapate chakula. Njiwa waligawa midonoo kwa uwiano uleule wa chakula kilichotoka kila upande. Mwaka 1970 aliipanua ili ihusu tabia moja:

T = k × Z / (Z + N)

T ni kiasi cha tabia, Z ni tuzo za tabia hiyo, N ni tuzo nyingine zote, na k ni kiwango cha juu cha tabia.

Mfano

Katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, familia nyingi hulima mahindi na maharage. Mtoto anayekwenda shule wakati wa mavuno huacha kazi yenye faida nyumbani. Faida hiyo ni N. Tuseme k ni siku 100, Z ni 20 na N ni 20: mtoto atahudhuria siku 50. Z ikifikishwa 40, atahudhuria siku 67 hivi. Matokeo ni yaleyale Z ikibaki 20 na N ikishuka hadi 10. Kwa hiyo kupunguza mvuto wa shughuli shindani kunaweza kufaa sawa na kuongeza tuzo maradufu.

Ruzuku zenye masharti

Nchini Tanzania, TASAF ilianza mwaka 2010 kulipa kaya maskini za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kwa majaribio, kila miezi miwili. Sharti mojawapo lilikuwa watoto wa miaka 7 hadi 15 wahudhurie shule asilimia 80 ya siku. Baadaye ruzuku zilienea nchini.

Muda wa kusubiri nao una uzito. James Mazur alionyesha mwaka 1987 kwamba thamani ya tuzo hupungua kadiri inavyocheleweshwa, tena hushuka haraka zaidi mwanzoni. Hivyo malipo madogo ya mapema yanaweza kuishinda ahadi kubwa ya mbali.

Mipaka

Fomula haiondoi vikwazo kama umbali wa shule au ukosefu wa walimu. Pia tuzo ikikoma, Z hushuka, na tabia inaweza kurudi ilivyokuwa.