Rede, Besiboli na Uwanja wa Watu

Mchezo wa watoto hudhaniwa kuwa jambo dogo lisilostahili kalamu ya mwandishi wa historia. Dhana hiyo ina hasara, na hasara yenyewe yaonekana katika mitaa ya Temeke na Kinondoni, ambako rede imelea vizazi vya wasichana bila ya sheria zake kuandikwa mahali watu wanapoweza kuzisoma.

Rede haitaki vitu vingi: mpira mdogo wa soksi kuukuu au matambara, watupaji wawili wanaotazamana, na wachezaji wa katikati wanaokwepa. Apigwaye hutoka. Walakini sheria hubadilika mtaa kwa mtaa. Mahali pamoja aliye katikati hujaza chupa mchanga huku akikwepa. Mahali pengine huhesabiwa mara alizokwepa. Mwamuzi ni kumbukumbu ya wakubwa tu, na kumbukumbu huzikwa pamoja na mwenyewe.

Je, mchezo wa zamani waweza kufufuliwa? Mfano wa mbali watufaa, nao ni besiboli ya Marekani. Mwaka 1845 klabu ya Knickerbocker ya New York iliandika sheria zake, na wanachama wake walivuka mto Hudson kwenda kucheza katika bustani ya Elysian Fields, mjini Hoboken. Siku zile mpira ulitupwa kwa mkono wa chini, wadakaji hawakuvaa glavu, na mpira uliodakwa baada ya kudunda mara moja ulimtoa mpigaji. Mchezo ulipogeuka kuwa biashara, desturi hizo ziliachwa. Zaidi ya miaka mia baadaye, mnamo 1980, watu wa makumbusho ya Old Bethpage katika jimbo la New York, na mwaka uliofuata wenzao wa Ohio, walianza kuucheza tena kwa sheria za karne ya 19, kwa mikono mitupu na mavazi ya kale. Vilabu vikaongezeka, hata mwaka 1996 vikaunda chama chao.

Waliwezaje? Uwanja haukuwasaidia, maana Elysian Fields ilikwisha kumezwa na majengo, kikiwamo kiwanda kikubwa cha kahawa. Kilichowasaidia ni karatasi. Maandishi ndiyo yaliyowaponya hata na uongo: mwaka 1907 tume ilitangaza kwamba Abner Doubleday alibuni besiboli huko Cooperstown mwaka 1839, lakini kumbukumbu zaonyesha kuwa mwaka huo alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point.

Hali yetu ni kinyume cha yao. Wao walipoteza uwanja wakabaki na karatasi; sisi hatuna karatasi, ila wachezaji wangali hai, na viwanja vingine vingalipo. Mnazi Mmoja palibakizwa wazi enzi ya ukoloni ili kutenga Kariakoo ya Waafrika na mtaa wa Wahindi. Wananchi wakapageuza mahali pa kukutana. Temeke ina Mwembe Yanga, na Kinondoni ina Biafra. Lakini shule hasa ya rede ni vile viwanja vidogo visivyo na jina, baina ya nyumba na nyumba, na hivyo ndivyo vinavyomezwa na kuta, maduka na maegesho ya magari. Kandanda ina uwanja mkuu uliofunguliwa Temeke mwaka 2007. Besiboli yenyewe, iliyo ngeni kwetu, imepata uwanja wake katika shule ya Azania tangu 2018. Rede, mwenyeji, haina hata ukurasa.

Atasema mtu kwamba kuandika sheria ni kuufunga mchezo uliozoea uhuru. Sivyo. Vilabu vya Marekani huchagua mwaka vinaoupenda na kufuata sheria za mwaka huo; nasi twaweza kuandika rede ya kila mtaa kama ilivyo, pasipo kuikatia hukumu iliyo sahihi.

Kazi hii yamfaa mwanafunzi. Na aende kwa bibi yake, amwulize alivyocheza, mahali gani, na nani, na kwa hesabu gani. Kisha aandike, achore na uwanja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Viwanja vyetu vikiisha kabla ya kuandika, atakayetaka kufufua rede hatakuwa na pa kuchezea wala cha kusoma.