Fungate

Fungate ni kipindi cha mapumziko cha maharusi mara baada ya ndoa. Kwa Waswahili wa pwani ya Afrika Mashariki jina hilo lilihusu siku saba ambazo bwana na bibi harusi walikaa ndani bila kufanya kazi. Siku hizi hutumiwa zaidi kwa safari ya wawili hao kwenda mahali pa faragha. Nchini Tanzania mahali panapotajwa sana ni Zanzibar pamoja na visiwa vidogo vinavyoizunguka.

Asili ya neno

Fungate ni neno la Kibantu lenye maana ya saba. Katika kuhesabu, nafasi yake kwa Kiswahili imechukuliwa na "saba", neno lenye asili ya Kiarabu. Lugha za jirani bado zinalo: Kishambaa husema mfungate na Kigiriama fungahe.

Fungate ya nyumbani

Kwa desturi ya pwani fungate ililiwa nyumbani, mara nyingi kwa wazazi wa bibi harusi. Baba wa bibi harusi alipeleka chakula kwa siku zote saba, na somo au kungwi alimhudumia mwali wake. Maharusi walikuwa faraghani, lakini jamaa walikuwa karibu nao.

Idadi ya siku inalingana na sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani. Mume mwenye mke mwingine akioa bikira hukaa naye siku saba kabla ya kuanza zamu. Akioa mwanamke aliyewahi kuolewa, hukaa naye siku tatu.

Fungate ya safari

Desturi ya maharusi kusafiri ilienea Ulaya katika karne ya 19. Nchini Uingereza maharusi matajiri walizunguka kuwatembelea jamaa ambao hawakuweza kufika harusini. Baadaye reli, meli na ndege ziliwapeleka mbali zaidi, hadi visiwa vya nchi za joto. Faragha iliyopatikana zamani kwa kufunga mlango, sasa hununuliwa kwa kwenda mbali.

Visiwa vidogo vya Zanzibar

Kisiwa cha Mnemba kiko mbele ya Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja. Mzingo wake ni takriban km 1.5 na kina hoteli moja tu. Kasa hutaga mayai kwenye ufuko wake.

Kisiwa cha Chumbe kiko kusini ya Mji Mkongwe. Kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na nyumba saba za wageni zilizoezekwa makuti. Kisiwa hakina maji baridi, hivyo mvua inayonyesha juu ya mapaa hukusanywa katika matangi yaliyo chini ya nyumba. Umeme hutokana na jua, na vyoo ni vya mboji visivyohitaji maji.

Faragha ya wageni inawagusa pia wavuvi. Miamba ya matumbawe upande wa magharibi wa Chumbe ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na uvuvi ukapigwa marufuku hapo. Baadhi ya wavuvi waliajiriwa kuwa walinzi, na mapato ya wageni husaidia kulipia ulinzi na ziara za wanafunzi wa Zanzibar wanaokwenda kujifunza juu ya matumbawe. Huko Mnemba, bahari inayozunguka kisiwa hutumiwa na wavuvi, wazamiaji na boti nyingi za watalii wa mchana, hivyo utulivu wa ufukweni hauendelei hadi majini.

Safari kutoka Songwe

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kugawa Mkoa wa Mbeya, hauna pwani ya bahari. Maharusi wa Tunduma wanaokwenda Zanzibar hupita kwanza Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya km 900 kwa barabara. Wanaweza kupanda basi, treni ya TAZARA, au ndege katika Uwanja wa Songwe, ambao licha ya jina lake uko Mkoa wa Mbeya. Kutoka Dar es Salaam boti ya kasi hufika Unguja kwa takriban saa mbili. Kwa anayepita nchi kavu, kwenda na kurudi hula sehemu kubwa ya siku saba. Mahali pa karibu penye ufuko wa mchanga ni Matema, kando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela.

Msimu nao ni wa kuangaliwa. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na baadhi ya hoteli za visiwani hufungwa kwa sehemu ya kipindi hicho. Bei za visiwa vidogo hupangwa mara nyingi kwa kila mtu kwa usiku, pamoja na chakula na boti, na hoteli kadhaa huwa na bei nafuu kwa raia na wakazi. Nje ya ufuko, wageni Zanzibar hutarajiwa kufunika mabega na magoti.