Maandalizi ya maswali ya shahidi katika madai ya majeraha

Maandalizi ya maswali ya shahidi ni kazi ya kupanga, kabla ya siku ya kusikilizwa shauri, mambo ambayo kila shahidi ataulizwa mahakamani. Katika madai ya majeraha, maswali hayo hulenga kuthibitisha au kupinga mambo matatu: kwamba mdaiwa alifanya uzembe, kwamba uzembe huo ndio uliomjeruhi mdai, na kwamba hasara inayodaiwa ni ya kweli. Kwa kawaida kazi hii hufanywa na wakili, ingawa wapo wadai wanaojisimamia wenyewe. Makala hii inahusu Tanzania Bara, hasa Bagamoyo na pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam. Huko barabara ya kutoka Bunju kupitia Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, pamoja na ile ya Bagamoyo–Makofia–Msata yenye kilomita 64, hubeba malori, daladala na bodaboda kwa pamoja.

Chimbuko

Habari za namna watu wa Bagamoyo walivyoamua mashauri yao kabla ya mahakama za kisasa zimehifadhiwa kwa sehemu katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Maelezo yake mengi yalitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Kitabu hicho kinagusa hukumu na viapo, lakini hakina mafunzo ya kumhoji shahidi kwa hatua.

Utaratibu wa leo ulikuja na Waingereza, nao waliuchukua India. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyoandaliwa na mwanasheria Mwingereza James Fitzjames Stephen, ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1920. Bunge la Tanzania liliiondoa kwa kutunga Sheria ya Ushahidi ya 1967, ambayo sasa ni Sura ya 6. Hata hivyo, mpangilio na sehemu kubwa ya maneno ya Stephen vilibaki. India yenyewe iliachana na sheria hiyo tarehe 1 Julai 2024.

Msingi wa kisheria

Anayedai ndiye anayethibitisha. Kipimo ni mizania ya uwezekano, chepesi kuliko kile cha kesi ya jinai. Sheria haitaji idadi ya mashahidi, kwa hiyo shahidi mmoja anayeaminika anatosha. Lakini Mahakama Kuu ilisema mwaka 1984, katika uamuzi unaonukuliwa hadi leo, kwamba upande usiomleta shahidi muhimu bila sababu unaweza kudhaniwa kuwa ulihofia atakayoyasema. Basi swali la kwanza katika maandalizi ni nani aitwe. Ni kosa la kawaida kuwaita ndugu watano wa majeruhi, wote waliofika hospitali baada ya ajali, na kumwacha muuza machungwa aliyekuwa amekaa hatua chache kutoka mahali pa tukio.

Shauri la majeraha hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu tukio. Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 sharti hilo linazihusu halmashauri pia. Ajali za kazini hushughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, na mara nyingi hazifiki kwenye mahojiano ya mahakamani.

Jambo moja hubadilisha kabisa orodha ya maswali, nalo ni kesi ya usalama barabarani. Dereva akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, kifungu kimoja cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hukumu hiyo kuwa uthibitisho usiopingika wa kosa lake. Hapo hakuna haja ya kumhoji shahidi kutwa nzima kuhusu mwendo wa gari. Maswali huhamia kwa mwenye gari: nani alimwajiri dereva, siku ile alitumwa na nani, alikuwa amebeba mzigo wa nani. Huhamia pia kwa bima. Dereva aliyeachiwa huru humletea mdai shida kwa kifungu kilekile.

Hatua tatu za mahojiano

Shahidi huhojiwa kwanza na upande uliomwita, kisha na upande wa pili kwa maswali ya dodoso, kisha hurudi kwa upande wake kwa maswali ya ufafanuzi. Kila hatua ina maandalizi yake.

Katika hatua ya kwanza maswali elekezi, yaani yale yanayombebea shahidi jibu mdomoni, hayaruhusiwi ila kwa mambo ya utangulizi au yasiyobishaniwa. Wakili hawezi kumuuliza mama ntilie wa Kerege, “Lori lilikuja kwa kasi likahama upande wake, sivyo?” Analazimika kuvunja jambo hilo vipande vipande: ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, ulisikia nini kwanza, ulipogeuka uliona nini, bodaboda ilikuwa upande gani wa barabara, baada ya hapo nini kikatokea. Maswali mafupi ya namna hii yanaonekana rahisi, lakini ndiyo magumu kuyaandaa, kwa sababu muulizaji lazima awe ameijua habari yote mapema bila kuionyesha.

Mpangilio unaofaa ni ule wa matukio yalivyofuatana. Shahidi huanza kwa kujitambulisha, akaeleza mahali alipokuwa na kilichomwezesha kuona, ndipo akaingia kwenye ajali yenyewe. Mawakili wengi wachanga huruka kipande cha katikati. Shahidi anaeleza ajali kinagaubaga, kisha katika dodoso inadhihirika kwamba kati yake na barabara palikuwa na daladala limesimama. Ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja, yaani aliyeona aseme alichoona na aliyesikia aseme alichosikia. Kwa hiyo kila swali la rasimu hupimwa kwa swali jingine: shahidi huyu amelijuaje jambo hili?

Dodoso huruhusu maswali elekezi, na hapo ndipo wakili wa kampuni ya bima huonyesha ufundi wake. Hutafuta tofauti kati ya maelezo aliyoyatoa shahidi polisi na yale anayoyatoa mahakamani, huuliza kama mdai alivaa kofia ngumu, walipakizana wangapi, taa ilikuwa inawaka. Lengo lake si lazima kuangusha dai lote, kwani kupunguza fidia kwa sababu ya uzembe wa mdai mwenyewe kunatosha. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba kutomhoji shahidi wa upande wa pili juu ya jambo la msingi kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kulikubali. Kwa hiyo wakili makini huandika pembeni, wakati shahidi anazungumza, kila dai ambalo hataki lipite kimya.

Ugumu wa dodoso Tanzania ni kwamba hakuna desturi ya kumhoji shahidi wa mpinzani kwa kiapo kabla ya kesi, kama inavyofanyika Marekani. Sheria ya Mwenendo wa Madai ya 1966 inaruhusu maswali ya maandishi baina ya wadaawa, lakini hayatumiki sana. Mara nyingi wakili humsikia shahidi wa upande wa pili kwa mara ya kwanza akiwa tayari kizimbani.

Maswali ya ufafanuzi huhusu yale tu yaliyoibuka kwenye dodoso. Yanapaswa kuwa machache.

Kumbukumbu, lugha na saa

Ushahidi wa madai kwa kawaida hauandikwi kwa mtindo wa swali na jibu. Hakimu huuandika kama masimulizi ya shahidi. Matokeo yake swali hupotea na jibu hubaki peke yake, na mahakama ya rufaa husoma jibu hilo bila kujua liliulizwaje. Shahidi akijibu “ndiyo” au akaonyesha kidole, kwenye jalada hubaki kitu kidogo sana. Maswali mazuri ni yale yanayomfanya shahidi atoe sentensi kamili inayojitegemea.

Kwa miongo mingi tatizo hili liliongezewa jingine: shahidi wa Bagamoyo alizungumza Kiswahili, hakimu wa mahakama ya wilaya akaandika Kiingereza. Mahakama za mwanzo pekee ndizo zilizoandika Kiswahili. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hatua iliyochelewa mno kwa nchi ambayo karibu kila shahidi wake anakielewa.

Saa ni mtego wa peke yake. Shahidi wa pwani mara nyingi huweka wakati kwa sala: baada ya alasiri, kabla ya magharibi, watu wanatoka isha. Katika ajali tofauti ya nusu saa jioni ndiyo tofauti ya kuona na kutoona, kwa kuwa Bagamoyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Muulizaji hufuatilia basi kwa maswali ya mwanga: jua lilikuwa limezama, taa za maduka zilikuwa zimewashwa, mwenye pikipiki ulimtambua kwa sura au kwa sauti? Pia huhakikisha kwamba “saa mbili usiku” haigeuki kuwa saa 2:00 usiku wa manane kwenye hati ya Kiingereza.

Umbali nao hutolewa kwa mifano ya papo hapo: “kutoka hapa mpaka pale mlangoni”. Wakili asipouliza makadirio ya mita au hatua, jalada litabaki na mlango tu.

Hati na daktari

PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi), ramani ya ajali iliyochorwa na polisi, ripoti ya ukaguzi wa gari na stakabadhi za hospitali huingizwa kupitia shahidi anayezifahamu, na maswali ya kumwezesha kuitambua hati huandaliwa mapema. Kielelezo kikishapokelewa husomwa kwa sauti. Daktari huulizwa juu ya jeraha, tiba na kiwango cha ulemavu uliobaki. Haulizwi nani alimgonga mgonjwa.

Hasara mahususi, kama gharama za matibabu na nauli, lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, msimamo uliosisitizwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1992. Mvuvi au dereva wa bodaboda asiyetunza hesabu hupata taabu hapa. Maswali yake huzunguka mapato ya siku, siku za kazi kwa wiki na hesabu aliyompelekea tajiri.

Watoto

Tangu 2016 mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo baada ya kuahidi kusema kweli.

Mipaka ya maandalizi

Kukutana na shahidi kabla ya kesi, kumwonyesha maelezo yake ya awali na kumfahamisha utaratibu wa mahakama si kosa. Kumtungia majibu ni kosa. Kanuni za maadili ya mawakili za 2018 zinamkataza wakili kushiriki kwenye ushahidi wa uongo. Mpaka huo huvukwa kirahisi mashahidi wanapoandaliwa wote chumba kimoja, na hakimu mzoefu huwatambua kwa jinsi wanavyotumia maneno yaleyale.

Kwingineko

Zanzibar ina Sheria yake ya Ushahidi ya 2016. Kenya, tangu kanuni za 2010, maelezo ya mashahidi huwasilishwa pamoja na hati ya madai, hivyo sehemu kubwa ya mahojiano ya awali imehamia kwenye karatasi. Tanzania Bara, maelezo ya maandishi badala ya mahojiano ya awali yalianzia Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu kwa kanuni za 2012.

Hali ya sasa

Wasiomudu wakili wanaweza kuwaendea wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi hao huruhusiwa kueleza taratibu na kusaidia kuandaa nyaraka, lakini hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, kwa hiyo mdai wa namna hiyo huwahoji mashahidi wake mwenyewe.