Dundalk 2016: Kikosi cha mji mdogo kilichoipa Ireland ushindi wa kwanza katika makundi ya Ulaya

HADI Septemba 2016, hakuna klabu ya Jamhuri ya Ireland iliyokuwa imeshinda hata mechi moja katika hatua ya makundi ya mashindano ya Ulaya. Shamrock Rovers ya Dublin ndiyo iliyotangulia kufika huko mwaka 2011, lakini ilirudi nyumbani mikono mitupu baada ya kupigwa mechi zote sita. Mwiko huo ulivunjwa na Dundalk FC, klabu ya mji uliokuwa na watu takriban 39,000 wakati huo, ulio karibu na mpaka wa Ireland Kaskazini, katikati ya safari ya Dublin na Belfast.

Makala haya yanawaangazia wanasoka waliounda kikosi hicho, mmoja baada ya mwingine kwa mujibu wa nafasi zao uwanjani. Aidha, yanaeleza kilichowapata pindi msimu ulipomalizika, maana katika soka ya Ireland mafanikio huja na gharama yake.

Klabu yenyewe

Dundalk ilianzishwa mwaka 1903 na wafanyakazi wa shirika la reli la Great Northern Railway. Ilijiunga na ligi ya Ireland mwaka 1926, na katika msimu wa 1932-33 ikawa klabu ya kwanza kutoka nje ya Dublin kutwaa ubingwa. Mashabiki huiita Lilywhites kutokana na jezi zake nyeupe. Uwanja wake wa nyumbani ni Oriel Park, wenye nyasi bandia.

Kufikia mwisho wa msimu wa 2012, klabu hiyo ilikuwa hoi. Hazina ilikuwa imekauka, na timu ilinusurika kushushwa ngazi kupitia mechi za mchujo pekee. Hapo ndipo alipoajiriwa kocha Stephen Kenny, ambaye mwenyewe alikuwa amefutwa kazi na Shamrock Rovers mwaka huo huo. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua nyota, Kenny aliwakusanya wachezaji ambao klabu nyingine ziliwaona wa kawaida au waliokuwa wamekata tamaa. Mwaka 2014 Dundalk ilitwaa taji la ligi kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 1994-95. Mwaka 2015 ilinyakua ligi pamoja na Kombe la FAI, na mwaka 2016 ikashinda ligi kwa mara ya tatu mfululizo, taji lake la 12.

Walinda lango

Kipa nambari moja alikuwa Gary Rogers, mlinda lango mwenye tajriba ndefu aliyekuwa amezichezea Galway United, St Patrick's Athletic na Sligo Rovers kabla ya kutua Oriel Park. Utulivu wake ulikuwa nguzo muhimu kwa mabeki waliokuwa mbele yake. Msaidizi wake alikuwa Gabriel Sava.

Mabeki

Safu ya ulinzi ilikuwa imezoeana kwa miaka kadhaa. Upande wa kulia alicheza Sean Gannon, na kushoto Dane Massey. Wote wawili walipenda kupanda kusaidia mashambulizi, jambo lililowalazimu viungo wakabaji kuwa macho wakati wote.

Katikati mwa ngome walikuwepo Brian Gartland na Andy Boyle, waliojiunga na klabu mwaka 2013 Kenny alipokuwa akianza kuijenga upya. Gartland alikuwa hodari wa mipira ya hewani, naye Boyle alisifika kwa kusoma mchezo mapema na kuanzisha mashambulizi kutoka nyuma. Paddy Barrett aliongeza nguvu katika idara hiyo, naye Alan Keane alikuwa akiba ya mabeki wa pembeni.

Viungo

Nahodha alikuwa Stephen O'Donnell, mzaliwa wa Galway aliyepata malezi yake ya soka katika akademia ya Arsenal. Historia ilikuwa imemtambua tayari. Mwaka 2011, akiwa Shamrock Rovers, ni yeye aliyefunga penalti iliyoiangusha Partizan Belgrade katika muda wa ziada na kuipeleka Rovers katika makundi ya Europa League. Mwenzake katika kikosi hicho cha Rovers alikuwa Ronan Finn, kiungo mwenye mapafu ya farasi. Wawili hao walikutana tena Dundalk, wakawa na bahati ya kuonja hatua ya makundi mara mbili wakiwa na klabu mbili tofauti.

Chris Shields ndiye aliyefanya kazi chafu. Alikuwa Dundalk hata kabla ya Kenny kuwasili, akayaonja machungu ya 2012. Kutoka mchezaji ambaye wengi hawakumtarajia kufika mbali, aligeuka kuwa kiungo mkabaji tegemeo, wa kunyang'anya mpira na kuwapa wenzake.

Robbie Benson alisajiliwa kutoka UCD, klabu ya Chuo Kikuu cha Dublin, kabla ya msimu wa 2016. Naye Patrick McEleney aliwasili kutoka Derry City mwaka huo huo. McEleney alikuwa fundi wa kupiga chenga katika maeneo finyu, mchezaji wa kufungua milango iliyofungwa. Kiungo mwingine, Dean Shiels, alijiunga katikati ya msimu. Shiels aliwahi kuichezea timu ya taifa ya Ireland Kaskazini pamoja na klabu za Hibernian, Kilmarnock na Rangers za Scotland, na hayo yote aliyatimiza akiwa na jicho moja tu linaloona, kutokana na ajali aliyoipata utotoni.

Mawinga na washambulizi

Nyota wa msimu alikuwa Daryl Horgan, winga mwingine wa Galway, aliyetoka Cork City mwaka 2014. Mabeki wa Ireland hawakupata dawa ya kumzuia, na mwaka 2016 wachezaji wenzake wa ligi walimchagua kuwa mwanasoka bora. Katika winga ya pili walipokezana John Mountney wa kaunti ya Mayo na Darren Meenan.

Mshambulizi mkuu alikuwa David McMillan, ambaye kando na soka alisomea taaluma ya usanifu wa majengo. Pengo alilotarajiwa kusaidia kuliziba lilikuwa kubwa mno. Richie Towell, kiungo aliyefunga mabao 25 ya ligi mwaka 2015, alikuwa ameondoka kwenda Brighton nchini Uingereza. Mshambulizi wa akiba alikuwa Ciaran Kilduff, mrefu wa kimo, na jina lake ndilo lililokuja kuandikwa kwa wino wa dhahabu.

Safari ya Ulaya

Dundalk ilianzia katika mechi za kufuzu Ligi ya Mabingwa. Ilikabiliana kwanza na FH Hafnarfjordur ya Iceland, ikatoka sare ya 1-1 nyumbani na 2-2 ugenini, na kusonga mbele kwa kanuni ya mabao ya ugenini. McMillan alifunga mabao yote matatu.

Waliofuata walikuwa BATE Borisov ya Belarus, klabu iliyokuwa mwenyeji wa mara kwa mara katika makundi ya Ligi ya Mabingwa. Dundalk ilifungwa 1-0 ugenini. Kwa kuwa Oriel Park haikutimiza viwango vya Uefa kwa mechi hizo, mkondo wa pili uliandaliwa katika uwanja wa Tallaght, Dublin, ambao ni ngome ya mahasimu wao Shamrock Rovers. Huko Dundalk iliwacharaza wageni 3-0, McMillan akifunga mawili na Benson la tatu katika dakika za mwisho.

Hatua moja tu ilisalia kabla ya makundi ya Ligi ya Mabingwa, ambako hakuna klabu ya Ireland iliyowahi kufika. Mbele ya mashabiki zaidi ya 30,000 katika uwanja wa Aviva, Dundalk ilizidiwa nguvu na Legia Warsaw ya Poland kwa mabao 2-0. Katika marudiano, Benson alifyatua kombora lililowatia wenyeji kiwewe mapema, lakini Legia walisawazisha dakika za majeruhi. Mechi ikaisha 1-1, na Dundalk ikateremkia Europa League.

Huko walipangwa Kundi D pamoja na Zenit St Petersburg ya Urusi, AZ Alkmaar ya Uholanzi na Maccabi Tel Aviv ya Israel. Wachambuzi wengi waliona kwamba klabu hiyo ingegeuzwa kapu la mabao.

Mnamo Septemba 15, 2016, Dundalk ilikuwa nyuma kwa bao moja mjini Alkmaar, na nahodha O'Donnell alikuwa ameonyeshwa kadi nyekundu. Dakika ya 89 Kilduff, aliyeingia kama mchezaji wa akiba, alitikisa wavu na mechi ikaisha 1-1. Hiyo ilikuwa alama ya kwanza kupatikana na klabu ya Ireland katika hatua ya makundi. Wiki mbili baadaye, Septemba 29, Kilduff huyo huyo alifunga dakika ya 72 katika uwanja wa Tallaght, na Maccabi Tel Aviv wakalala 1-0. Historia ikawa imeandikwa.

Baada ya hapo maji yalizidi unga. Dhidi ya Zenit, Benson aliwatanguliza wenyeji katika mkondo wa kwanza, lakini Warusi walijibu mara mbili na kushinda 2-1. Marudiano yaliisha kwa matokeo hayo hayo, Horgan akifunga bao la Dundalk. AZ walishinda 1-0 mjini Dublin kupitia kwa Wout Weghorst, ambaye mwaka 2023 alikuja kuichezea Manchester United kwa mkopo. Maccabi nao walilipiza kisasi kwa 2-1 nyumbani. Dundalk ilimaliza ya mwisho kwa alama nne. Hata hivyo, kati ya mechi nne ilizopoteza, hakuna iliyopotea kwa zaidi ya bao moja.

Uchovu ulilipiwa kwingineko pia. Siku tatu baada ya mechi ya Urusi, timu ilishuka uwanjani kwa fainali ya Kombe la FAI dhidi ya Cork City. Ilifungwa 1-0 katika dakika ya mwisho ya muda wa ziada, mfungaji akiwa Sean Maguire, ambaye aliwahi kuichezea Dundalk mwaka 2015.

Fedha na mikataba

Bingwa wa ligi ya Ireland mwaka huo alituzwa takriban euro 110,000. Kwa upande mwingine, kufika tu katika makundi ya Europa League kulikuwa na thamani ya euro milioni 2.6, kila ushindi ukiongeza 360,000 na kila sare 120,000. Kwa maneno mengine, bao moja la Kilduff dhidi ya Maccabi lilileta fedha mara tatu ya zile za kushinda ligi nzima.

Hapa ndipo penye kitendawili. Fedha ziliingia katika akaunti ya klabu, lakini hazikutosha kuwazuia wachezaji. Mikataba mingi ya ligi ya Ireland ilikuwa ya msimu mmoja tu, na wakati huo msimu ulianza Machi na kwisha majira ya vuli. Kwa sababu hiyo, mchezaji aliweza kung'aa mbele ya Ulaya nzima Desemba, kisha akaondoka Januari bila klabu yake kulipwa hata senti.

Ndivyo ilivyotokea. Horgan na Boyle walihamia Preston North End ya Uingereza Januari 2017 wakiwa huru, na Machi mwaka huo wote wawili wakaichezea timu ya taifa kwa mara ya kwanza dhidi ya Iceland. Finn alirejea Shamrock Rovers, ambako baadaye alikuwa nahodha. McMillan alielekea St Johnstone ya Scotland msimu wa 2017 ulipokwisha, naye McEleney akajiunga na Oldham kabla ya kurudi.

Walikoishia

Waliobaki hawakulala. Dundalk ilitwaa tena ligi mwaka 2018 chini ya Kenny, na mwaka 2019 chini ya aliyekuwa msaidizi wake, Vinny Perth. Mwaka 2020 ilirudi katika makundi ya Europa League, safari hiyo pamoja na Arsenal, Molde na Rapid Vienna, lakini ikapoteza mechi zote sita. Matokeo hayo yalionyesha jinsi zile alama nne za 2016 zilivyokuwa ngumu kupatikana.

Kenny aliinoa timu ya taifa ya Ireland kuanzia 2020 hadi 2023. O'Donnell aligeukia ukufunzi, akashinda Kombe la FAI na St Patrick's Athletic mwaka 2021, kisha akaiongoza Dundalk hadi 2024. Shields alihamia Linfield ya Belfast mwaka 2021, naye Gannon akaenda Shamrock Rovers.

Klabu yenyewe iliteleza vibaya. Mwaka 2024 madeni yalikaribia kuifunga kabisa, na msimu huo ikashushwa ngazi. Aliyekabidhiwa jukumu la kuifufua ni Ciaran Kilduff, mfungaji wa mabao yale mawili ya Septemba 2016. Chini yake, Dundalk ilishinda Divisheni ya Kwanza mwaka 2025 na kurejea katika Ligi Kuu.