Bingwa wa Mwaka na Bingwa wa Siku

Tarehe 19 Mei 2018 nilikuwa Kayanga, katika duka la jirani yangu mwenye televisheni. Simba walikwisha kuutwaa ubingwa wa Tanzania Bara bila kufungwa hata mchezo mmoja wa ligi, na Rais Magufuli mwenyewe alikuwa uwanjani Dar es Salaam kuwakabidhi kombe. Waliocheza nao ni vijana wetu wa Kagera Sugar. Edward Christopher akafunga bao, Juma Kaseja akadaka penalti, na Simba wakapokea kombe lao wakiwa wamefungwa 1-0.

Kijana mmoja akanigeukia. "Shikamoo Mwalimu. Aliyemfunga bingwa si ndiye bingwa?"

"Marahaba. La, mwanangu. Huyo ni bingwa wa leo tu."

Hakuridhika, na mwaka uliofuata nilipata taabu zaidi kumjibu. Katika msimu wa 2018/19 timu zilikuwa 20 na kila moja ilicheza michezo 38. Kagera Sugar waliwafunga Simba Kaitaba, 2-1, kisha wakawafunga tena Dar es Salaam, 1-0. Hata hivyo Simba walikuwa mabingwa, na sisi tukaangukia katika michezo ya mtoano na Pamba ya Mwanza ili tusishuke daraja. Tulinusurika.

Ubishi huu ni wa zamani, tena si wetu peke yetu. Wamarekani katika besiboli hucheza michezo 162, halafu bingwa hutafutwa kwa mtoano. Hapa kwetu, mwaka 2007, kalenda ya ligi ilipobadilishwa, ilichezwa ligi ndogo ya makundi. Fainali ilikuwa Morogoro, na Simba waliwashinda Yanga kwa penalti. Ubingwa mzima ukaamuliwa kwa mipira michache iliyopigwa kutoka hatua kumi na mbili.

Mimi nina sababu yangu ya kuuogopa mtindo huo. Miaka ya sabini nilifundisha mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani tangu la tano. Siku ya mtihani wa darasa la saba alikuwa na malaria. Aliandika huku akitetemeka, akaanguka. Sikuwa na mahali pa kupeleka alama zake za miaka mitatu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliposema mwanafunzi asipimwe kwa mtihani peke yake, nilimkumbuka yeye. Hadi leo namkumbuka.

Lakini haki ya mwaka mzima nayo ni kali. Tukuyu Stars waliupata ubingwa mwaka 1986, na Mtibwa, watu wa miwa kama sisi, waliupata 1999 na 2000. Kagera haijaupata kamwe. Msimu wa 2024/25 tulishuka daraja, na safari hii jedwali halikutubakizia hata mtoano.

Yule kijana sasa ni baba wa watoto wawili. Tulipokutana Omurushaka aliniuliza kama bado naitetea ligi. Nikamwambia ndiyo, kwa kuwa alama za mwaka mzima hazimwonei mtu kwa homa ya siku moja. Akacheka, akasema, "Lakini Mwalimu, furaha yetu yote ilikuwa ya siku moja."

Sikuwa na jibu. Nikamnunulia chai.