Kilimatinde na Mashindano ya Wenye Hisa za Simu

Kilimatinde ni mji mdogo wa wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, uliokaa juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo nchi ya Ugogo yapanda kuelekea Unyamwezi. Mtu asimamaye hapo na kutazama mashariki huona mbuga kavu imelala chini yake. Hapana soko la hisa huko, wala hapakuwapo wakati wowote. Lakini habari ya matajiri walioshindana kwa fedha zao juu ya mitindo ya simu haieleweki vema ikitazamwa toka London, New York na Dar es Salaam tu. Yafaa itazamwe pia toka mahali ambapo njia zimepita, na njia nyingine zimekataa kupita.

Njia ya kwanza ilikuwa ya misafara. Katika karne ya 19 wapagazi wa pembe na nguo kati ya Bagamoyo na Tabora hawakuwa na budi kukata Ugogo, na Ugogo ni nchi ya kiu. Watemi wa Wagogo walikuwa na visima, kwa hiyo walikuwa na neno. Mkuu wa msafara alilipa hongo kwa nguo na shanga kabla ya watu wake kunywa, na akakaa siku nyingi akibishana juu ya kiasi chake. Neno hongo leo limeharibika maana, likawa jina la rushwa. Wakati ule lilikuwa ushuru wa dhahiri, uliotozwa na mwenye nchi kwa mpita njia. Wasafiri wa Ulaya walioandika vitabu walilalamika sana, lakini ndani ya malalamiko yao mna jambo moja wasilolitia mkazo, nalo ni kwamba mali ya watu wa mbali haikuweza kupita Ugogo bila kumwachia mwenyeji sehemu yake.

Njia ya pili ilikuwa ya waya, na hapo ndipo mashindano ya wenye hisa yalipoanza katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari ilifika Unguja toka Aden, ikaendelea kusini hata Durban. Ilikuwa mali ya kampuni ya Waingereza, na bei ya kila neno ilikuwa kubwa. Mwaka 1892 Cecil Rhodes aliunda kampuni nyingine ya kupitisha waya juu ya nchi kavu toka kusini mwa Afrika hata Misri, akitumaini kuuza maneno kwa bei ndogo kuliko ya kebo. Mitindo miwili ya kupeleka habari ikawa na wenye hisa wawili wawili, kila mmoja akiombea mtindo wa mwenzake uanguke. Waya wa Rhodes ulihitaji kupita katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, na mwaka 1899 yeye mwenyewe alikwenda Berlin kuonana na Kaisari Wilhelm II. Ruhusa ilipatikana, lakini waya uliishia Ujiji, haukufika Misri. Wala haukugusa Kilimatinde, iliyokuwa tayari ngome ya Wajerumani yenye posta yake.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya chuma ilipita Manyoni, ikaiacha Kilimatinde kando. Utawala na biashara hufuata garimoshi, na mji uliokuwa mlango wa misafara ukabaki na boma lake na kumbukumbu zake. Hakuna aliyeuchukia mji huo. Wahandisi walipima miinuko, wenye fedha wakapima gharama, na hesabu ikatoka hivyo. Huu ndio ugumu wa hesabu ya mbali: humdhuru mtu bila kumjua.

Simu ya mkononi ilikuja na mashindano ya namna ile ile, ila uwanja wake ulikuwa mpana zaidi. Mwaka 1987 makampuni na mashirika ya simu ya nchi za Ulaya yalitia saini mjini Copenhagen mapatano ya kutumia mtindo mmoja, uitwao GSM, na tarehe 1 Julai 1991 simu ya kwanza ya mtindo huo ilipigwa Finland. Huko Marekani kampuni ya Qualcomm, iliyoanzishwa San Diego mwaka 1985, ilishika mtindo mwingine, uitwao CDMA. Tofauti yao yaweza kufahamika kwa mfano wa ng'ombe kwenye lambo. Katika GSM makundi huja kwa zamu. Kila kundi lina dakika yake ya kunywa, kisha lapisha jingine. Katika CDMA makundi yote huingia majini kwa pamoja, na kila mchungaji huwatenga wanyama wake kwa alama waliyotiwa. Mtindo wa pili huyatumia maji kwa ukamilifu zaidi, lakini wahitaji wachungaji wenye macho makali.

Ugomvi wa wahandisi ukawa ugomvi wa wenye mali. Aliyenunua hisa za Ericsson au Nokia alikuwa ameweka fedha zake juu ya zamu. Aliyenunua za Qualcomm, juu ya alama. Ericsson na Qualcomm zilishtakiana mahakamani kwa ajili ya haki za uvumbuzi, hata zikapatana mwezi wa Machi 1999. Katika mwaka huo mmoja bei ya hisa ya Qualcomm iliongezeka zaidi ya mara 25. Walionunua mapema wakajiona manabii. Walionunua mwishoni wakaonja uchungu bei za hisa za ufundi zilipoporomoka mwaka 2000. Na mwisho wake ulikuwa wa ajabu. GSM ilishinda kwa wingi wa nchi na watumiaji, lakini simu za kizazi cha tatu zilizotoka katika ukoo wake zilijengwa juu ya kanuni ya alama, na Qualcomm ikaendelea kupokea malipo ya uvumbuzi wake. Hivyo kila upande ulishinda mahali ambapo upande wa pili haukutazamia.

Tanzania iliupokea ugomvi huo ikiwa mnunuzi. Mobitel ilianza kazi mwaka 1994, Tritel ikafuata, kisha Zantel, Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. TTCL, Zantel na Sasatel zilijaribu CDMA katika miaka ya 2000. Lakini simu ya CDMA haikuweza kusema na mnara wa GSM, wala ya GSM na mnara wa CDMA. Mtu wa kijijini aliyeuza mbuzi kununua simu hakujua kwamba ameingia katika mashindano ya San Diego na Stockholm. Alijua tu kwamba kampuni ikifa, simu yake yafa nayo. Sasatel ilikufa, na TTCL ikahamia mitindo mingine.

Wakati huo huo hati za umiliki zilikuwa zikisafiri kuliko sauti za wateja. Celtel, iliyoanzishwa na Mo Ibrahim mwaka 1998, ilinunuliwa na kampuni ya Kuwait mwaka 2005, ikaitwa Zain. Mwaka 2010 biashara yake ya Afrika ikauzwa kwa Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7. Serikali ya Tanzania, iliyokuwa na hisa 40 katika kila 100 za Airtel Tanzania, iligombana na Bharti juu ya umiliki, na katika mapatano ya mwaka 2019 sehemu yake ikafikia 49. Sheria nayo ikayataka makampuni ya simu kuwauzia wananchi robo ya hisa zao. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja. Mwanzoni ziliwekewa Watanzania peke yao. Hazikutosheka wanunuzi, muda ukaongezwa, na wageni wakaruhusiwa kununua zilizosalia.

Jambo hili la mwisho lastahili kufikiriwa. Yaweza kusemwa kwamba wananchi walipewa nafasi wakaiacha. Lakini hisa hununuliwa kwa fedha iliyobaki baada ya chakula, ada na dawa, na katika nchi ya ukame kama Ugogo masalio hayo ni haba. Kumfanya mwananchi mwenye hisa ni jambo jema. Kudhani kwamba hiyo ndiyo njia pekee ya kupata haki yake katika simu ni kosa.

Maana simu nayo ina maji yake. Mnara hauna kazi bila masafa ya redio, na masafa hayakuchimbwa na kampuni yoyote. Ni mali ya umma, na serikali huyatoa kwa leseni. Hapo ndipo mwenyeji wa leo anapokalia kisima. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, hupokea michango ya makampuni na kutoa ruzuku ya minara mahali ambapo faida peke yake isingeijenga. Huo ni ushuru halali wa njia, nao ni jamaa wa hongo ya kale kwa maana yake safi.

Matajiri wataendelea kushindana, na mitindo itaendelea kuuana. Mashindano hayo yameshusha bei na kuleta mengi mema. Lakini reli ilifundisha kwamba hesabu ya wenye hisa haina jicho la kuona mji ulio kando ya njia. Watemi wa Ugogo hawakuwa na hisa katika msafara hata mmoja, na kila msafara uliwalipa, kwa kuwa walijua kilicho chao na hawakukitoa bure.